Mwanya wa Mama Pasi

Fundi wa meno bandia aliweka mbele yake kibao chenye meno kumi na sita yaliyopangwa kama vifungo vya dukani, kuanzia jeupe la kuumiza macho hadi la njano ya mshumaa, akasema, "Chagua, Mama."

Mama Pasi aliyatazama bila kuyagusa. Alikuwa na miezi mitatu ya ukibogoyo, tangu yalipong'olewa mawili ya mbele yaliyokuwa ya mwisho kuaga. Midomo ilikuwa imemwingia ndani kama mfuko uliokazwa kamba. Na katika miezi hiyo mitatu hakuna shati lililotoka mezani pake ambalo angethubutu kulitetea mbele ya dobi mwenzake.

Bintiye, aliyekuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini, aliinama akagonga jino la kwanza kwa ukucha. "Hili hapa."

"Hilo ni la kupigia picha, dada," fundi akasema.

"Kwani mama yangu hafai kupigwa picha?"

"Anafaa sana. Ila akivaa hilo, meno yatafika kabla yake. Mtu aingie kwanza, meno yamfuate."

Mama Pasi akanyoosha kidole kwenye jino la sita. "Hili. Rangi ya pamba kabla haijatiwa dawa."

Fundi alimtazama upya. "Hilo hilo ndilo nililokuwa nimelitia jicho."

Hapo Mama Pasi akapata moyo. Alifungua mkoba, akatoa picha ya zamani iliyoanza kupauka kwenye pembe, akaiweka juu ya kibao. "Na yapangwe hivi."

Kwenye picha mwanamke wa miaka thelathini alisimama nyuma ya meza, pasi ya mkaa mkononi, anacheka. Kati ya meno yake mawili ya mbele palikuwa na mwanya ambao ungeweza kupitisha ukingo wa sarafu.

Bintiye aliichukua picha, akacheka hadi akashika meza ya fundi asianguke. "Mwanya! Mama, kuna posa nimefichwa?"

Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi la kusubiri, meno yake yamefungwa katika bahasha magotini, akadakia: "Mwache mwenzio apendeze. Ila mjue tu, jino la pembe si dawa ya pengo."

"Ndiyo maana situmii pembe, mzee wangu," fundi alisema bila kugeuka. "Natumia plastiki. Tulia, zamu yako inakuja."

Wote wakacheka. Mama Pasi naye alicheka, mkono mdomoni, kwa sababu mtu akichekwa asipocheka huonekana ana jambo. Na yeye alikuwa na jambo.

Wengine huuita mwanya urembo. Yeye aliuita kifaa. Kwa miaka thelathini na nane alikuwa akipiga pasi nguo za mtaa mzima katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kila kitambaa cha pamba kilipokauka kupita kiasi, alibeba funda la maji, akaegemeza ulimi nyuma ya meno, akapuliza. Maji yalipita kwenye ule mwanya yakatoka si kama maji bali kama pumzi ya asubuhi ya baridi: ukungu mwembamba unaotua sawasawa, usioacha tone wala doa. Hakuna aliyemfundisha. Mwanya alizaliwa nao, kazi akaikuta ukubwani, vikakutana mdomoni.

Tatizo ni kwamba alikuwa ameapa kuacha. Miaka sita iliyopita mteja mmoja alichungulia dirishani, akamwona, akarudisha suti yake mbele ya watu akisema yeye havai mate ya mtu. Bintiye alikuwepo. Siku ile alimshika mamake mikono yote miwili, macho yamemlowa, akamwambia, "Niahidi, Mama." Mama Pasi akaahidi. Kesho yake akatundika pazia katikati ya chumba, na nyuma ya pazia akaendelea kama kawaida.

Si kwamba hakujaribu njia nyingine. Bintiye alimnunulia chupa ya kupulizia, tena si moja. Aliijaribu kwa nia njema. Ilitema matone makubwa kama kunde, na pasi ikipita juu yake kola ilibaki na ramani ya nchi isiyojulikana. Katika miezi hii mitatu ya ukibogoyo ndiyo hiyo chupa aliyokuwa akiitumia, na wateja walikuwa wameanza kuzitazama kola zao mlangoni, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Na bintiye alikuwa na chumba. Nyumbani kwake, chumba kizima, kitanda kimetandikwa, kinamsubiri. "Nguo zikianza kukushinda, Mama, hiyo meza tunaifunga kwa heshima, unakuja kwangu kupumzika." Aliyasema hayo kwa mapenzi, wala hakuna aliyetilia shaka mapenzi yake. Mama Pasi alikwenda kukitazama chumba chenyewe. Dirisha zuri, godoro zuri, na hakuna pa kusimama. Mtu aliyesimama maisha yake yote, ukimwambia akae anasikia kama umemwambia alale asiamke.

Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili tu: mwanya na meza yake, au meno yaliyozibwa na chumba kile.

"Mwanya naweza kuuweka," fundi alikuwa akisema, picha mkononi, "lakini kusema kweli sikushauri. Chakula kitanasa, na kila ukitamka sita au saba utapiga mluzi. Halafu mimi nimesomea kuziba mapengo, Mama. Kuyatengeneza sikusomea."

"Ziba, fundi," bintiye akasema, bado anafuta machozi ya kicheko. "Ziba kabisa."

Fundi hakumjibu yeye. Alimgeukia Mama Pasi, akangoja. Alikuwa mtu wa kungoja vizuri. Na hapo ndipo Mama Pasi angesema. Neno lilikuwa ulimini, limekaa. Akamtazama bintiye, uso umemchangamka kama zamani alipokuwa mdogo, siku ambayo amemleta mamake apate kitu kizuri. Akalimeza.

"Haya. Ziba."

*

Wiki iliyofuata alivalishwa meno yaliyopachikwa kwenye nta, ya kujaribia tu. Fundi alimhesabisha sitini na sita, sitini na saba, ili aone kama meno ya juu na ya chini yanagongana katika kutamka. Hayakugongana. Mama Pasi akapewa kioo. Alimwona humo mwanamke mwenye meno ya safu moja, kama ukuta uliopigwa lipu na fundi mwangalifu. Hakuwa na kosa lolote yule mwanamke. Mama Pasi alimwitikia kwa kichwa kama unavyomwitikia jirani mpya.

Yalipokamilika, fundi alimkabidhi pamoja na masharti. "Ukilala, nayo yalale, kwenye maji ya baridi. Asubuhi yasugue kwa brashi laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji, ili yakikuponyoka yaangukie maji na si sakafu. Na maji ya moto, Mama, hapana. Hapana kabisa. Moto unayapinda."

"Nimesikia."

"Narudia maana hilo ndilo watu husahau. Maji ya moto..."

"Mwanangu," Mama Pasi akasema, "moto na mimi tunafahamiana."

Siku za mwanzo zilikuwa kama kupokea mgeni aliyekuja na kitanda chake. Mate yalimjaa. Sabuni ikawa shabuni. Bintiye alipiga simu kila jioni kupima maendeleo.

"Umekula nini leo?"

"Ndizi."

"Na nyama?"

"Nyama nimeisalimia kwa mbali."

Ufizi wa chini ukapata kidonda, akarudi kwa fundi, ukingo ukapunguzwa kwa tupa, kidonda kikapona. Siku ya kumi alitafuna nyama. Mashavu yalikuwa yamerudi mahali pake, na karani wa mahakama, mteja wake wa tangu enzi, alisimama mlangoni na mashati yake matano akasema, "Mama Pasi, umerudi ujanani bila kuniaga?"

Kwa kila kitu, basi, yalikuwa meno mema. Isipokuwa kimoja.

Siku ya kumi na moja alitandaza shati la karani mezani, akavuta pazia, akabeba funda la maji, akaegemeza ulimi nyuma ya meno. Ulimi ulikuta ukuta. Akapuliza. Maji yalijaa mdomo wa chini, yakamwagika kidevuni, yakaanguka juu ya shati, pwaa. Akajifuta. Akabeba funda la pili, akapuliza kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na meno ya juu yakaachia, yakaondoka pamoja na maji, yakavuka meza, yakatua kifuani pa shati la karani, karibu kabisa na mfuko, yakimchekea.

Alicheka mwanzoni. Nani asingecheka? Halafu akakaa juu ya tenga la nguo, hakucheka tena.

Shati lile alilimalizia kwa chupa. Karani aliligeuza kola, akalitazama, akasema asante. Wiki iliyofuata alileta mashati mawili.

Na bintiye, alipokuja kumtazama, aliliona tenga limefika nusu. Alizunguka chumba polepole, akigusa kitu kimoja kimoja kama mtu anayepanga kuhama.

"Nguo zimepungua, Mama."

"Ni msimu tu."

"Msimu gani wa watu kutovaa nguo?"

Mama Pasi akanyoosha kwa kiganja kola iliyokwisha kunyooka.

"Mwisho wa mwezi nakuja na gari," bintiye akasema kwa upole. "Tutazungumza."

*

Inapaswa isemwe wazi: alijua. Asubuhi ile birika lilipochemka, Mama Pasi alijua anachokifanya kuliko daktari yeyote. Pamba inastahimili moto, hariri inauogopa, nailoni inausaliti mwili wake wenyewe. Aliyashika meno yale chini ya dirisha, akaikuna plastiki ya rangi ya waridi kwa kidole, akasema moyoni, huyu ni ndugu yake nailoni. Katika miaka thelathini na nane hakuwahi kuunguza nguo ya mtu. Hata leso. Haya yakiharibika, fundi atatengeneza mengine, na safari hii atauomba mwanya. Aliyalaza kwenye beseni, akamimina birika zima.

Hayakutoa moshi wala sauti. Yalijikunja taratibu, kama jani linaloona jua, hadi safu ile nyoofu ikawa imepinda upande mmoja kama mtu anayebishana. Kisha akachukua dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, akatia kifuniko kimoja. Dawa haikuwa na kazi yoyote pale. Aliitia ili kosa lifanane na yeye.

Likafanana. "Ameyafua!" bintiye alimwambia fundi, hajui acheke au alie. "Ameyafua kama mashuka, fundi! Kwa dawa! Dobi na akili za kidobi!" Waliokuwa kwenye benchi walijishika mbavu, na mmoja akauliza kama aliyaanika pia. Mama Pasi alikaa wima katikati ya kicheko chao, mdomo umeingia ndani, mikono magotini. Alikuwa amejiandaa kwa hasira ya bintiye, na kwa kukosa meno wiki nyingine tatu. Hili hakulitegemea lingeuma hivi: kwamba mbele ya watu aonekane hajui moto. Kitu kimoja duniani alichokijua mpaka mwisho wake, ndicho alichopaswa kukikana.

Bintiye alikubali yatengenezwe mengine, akarudi kazini. Fundi aliwahudumia wa kwenye benchi mmoja mmoja, hadi akabaki yeye. Ndipo akaichukua ile sahani ya juu, plastiki inayobeba meno, jinsi ilivyojikunja, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mama, nikuulize swali la kazi yako. Nina koti la nailoni. Pasi yake iweje?"

"Ya kuonja kwa kidole kilicholowa," Mama Pasi alijibu papo hapo. "Ikilia, ngoja. Na uweke kitambaa juu."

"Na nikilimwagia maji yanayochemka?"

Nje mtu aliburuta kiti.

"Litajikunja," akasema.

"Hilo umelijua tangu lini?"

"Kabla hujazaliwa."

Fundi akaweka sahani chini. "Mficha uchi hazai, Mama yangu. Nieleze."

Akamweleza. Funda, ulimi, mwanya, pazia, kiapo, chumba chenye godoro zuri. Hakuacha kitu, hata meno yaliyoruka aliyasimulia, na fundi, ambaye hakuwa amecheka pamoja na wale wa kwenye benchi, hapo alicheka kidogo, kwa aibu.

"Kumbe. Ungeniambia unapuliza, ningeinua ukingo huku nyuma, penye kaakaa laini, yasingeachia. Mimi nilikutengenezea meno ya kula na kusema tu." Akasita. "Lakini na mimi sikukuuliza. Nilitazama ile picha nikaona uzuri. Pasi mkononi sikuiona."

"Uzuri wa nini, mwanangu, na mimi nimekaa nyuma ya pazia?"

"Nitauweka mwanya. Ila kuna jambo." Alijikuna shingo. "Aliyeniletea kazi hii ni mwanao. Siwezi kumwambia mamake hakuelewa, wakati mamake anaelewa kunishinda. Siku ya nta na yeye aje. Kumwambia ni juu yako."

*

Siku ya nta bintiye alisema atafika saa nne. Mama Pasi alifika saa mbili na nusu.

Fundi aliwasha taa ya spiriti, akaweka kikombe cha maji na beseni. Walifanya kazi kama mafundi wawili waliokutana kwenye kazi moja. Mama Pasi alibeba funda dogo, akapuliza kwenye beseni.

"Bado. Yanatoka kamba."

Fundi akayatoa meno ya nta mdomoni mwake, akapasha kisu chembamba motoni, akalisukuma jino la kushoto kiasi cha unywele. "Jaribu."

"Sasa yanatema."

"Nifunge?"

"Funga kidogo. Si hivyo. Lisimamishe, usililaze, likilala maji yanakwenda pembeni."

Mara ya nne akasema wako karibu. Mara ya tano alisimama, akaugeukia ukuta wenye kioo, akaegemeza ulimi, akapuliza. Na ukaja. Ukungu ule ule. Ulining'inia kwenye mwanga wa dirisha kwa muda wa kuhesabu mbili, kisha ukatua juu ya kioo chote, sawasawa, bila tone moja kuteremka.

"Lo," fundi akasema, na kuvua miwani yake.

"Mama."

Bintiye alikuwa mlangoni. Saa nne ilikuwa bado.

Mama Pasi aligeuka, maji yakiwa bado kidevuni. Kulikuwa na uongo mwingi mdogo ambao ungetosha kwa dakika ile, na wote ulimjia. Akauacha upite.

"Ulisema umeacha," bintiye akasema.

"Nilisema."

"Miaka sita, Mama."

"Miaka sita, na pazia."

Bintiye alikitazama kioo, akamtazama fundi, akarudi kwa mamake. "Na yale meno ya kwanza?"

"Niliyachemsha nikiwa na akili zangu timamu."

Fundi akainuka. "Ngoja nikachote maji..."

"Kaa," wakasema wote wawili, naye akakaa.

Bintiye alivuta kiti, akakaa mbali na kioo. Hakupandisha sauti. "Unajua shuleni nilikuwa naitwa nani?"

"Nani?"

"Mtoto wa Mate. Darasa la tatu mpaka la saba. Nikifika kwenye dawati, wanalifuta kwanza ndipo nikae. Sare yangu ilikuwa imenyooka kuliko ya mwalimu, mstari wa sketi unaweza kukata mkate, na mimi nilikuwa naikunja njiani. Naikalia makusudi. Ili ifanane na zao."

Mama Pasi alikumbuka sare zikirudi jioni kama zimetafunwa. Alikuwa akimwita mtoto mtundu.

"Hukuniambia."

"Ningeanzia wapi? Nguo za watu ulikuwa unazipiga kimya. Zangu ulikuwa unazipiga unaimba."

Taa ya spiriti ilitikisika. Mama Pasi aliinua mikono, akatoa meno ya nta, ya juu kisha ya chini, kwa uangalifu wa mtu anayetoa yai kiotani, akayalaza kwenye trei. Uso wake ukaporomoka. Aliposema, sauti ilikuwa laini, imekosa kingo.

"Fundi. Yazibe."

"Mama, usifanye hivyo," bintiye akasema.

"Nafanya kwa ajili yako."

"Ndiyo maana nakwambia usifanye. Nikukute kila jioni kwenye kile chumba, umekaa, umefunga mdomo kwa ajili yangu? Mimi huo mzigo siuwezi. Ule wa shule niliubeba nikautua. Huo sitautua."

Barabarani muuza maji alipita akigonga ndoo.

"Sitaki kudanganywa tena," bintiye akaendelea. "Basi. Na wenye nguo zao usiwadanganye. Waambie. Anayetaka abaki, asiyetaka achukue zake aende."

"Wataondoka wengi."

"Waondoke."

"Na wakiondoka wote?"

"Chumba kipo." Akafuta pua kwa kiganja. "Lakini uje kwa kushindwa na wateja, usije kwa kushindwa na meno."

Fundi alikohoa. "Samahanini. Niache au nizibe? Maana nta inalainika hapa."

Bintiye alisogea kwenye trei. Aliyatazama yale meno kwa muda mrefu, yale mawili ya mbele yaliyoachana, na pengo kati yao lenye upana ambao mamake na mtu mgeni walikuwa wameutafuta asubuhi nzima kwa unywele na unywele.

"Acha," akasema.

*

Mama Pasi aliwaambia mmoja mmoja, mlangoni, kwa mdomo wake, kabla hawajaweka nguo chini. Fundi alikuwa amesema kweli kuhusu mluzi: kila alipotamka samahani, meno yalipiga filimbi kidogo, na hilo lilimwondolea maneno ukali. Mwalimu wa kwaya alisikiliza hadi mwisho, akakunja mashati yake ambayo hayajapigwa, akaaga kwa adabu, na hakuonekana tena. Mke wa mwenye duka alitaka za kwake zipigwe kwa chupa, madoa yake atayavumilia. Mama Pasi akaitenga chupa kwa ajili yake na akaitumia kwa uaminifu. Karani wa mahakama alimkatiza katikati.

"Mama Pasi, kazi yangu ni kusikiliza watu wanaoficha mambo. Miaka sita nasikia fyuu nyuma ya pazia, ulidhani nadhani unafuga ndege?" Akaweka mashati matano.

Theluthi moja ya nguo ilikwenda na haikurudi. Pazia aliliteremsha, akalikata matambara. Kazi iliyokuwa ikimfikisha jioni sasa ilimwishia saa nane, na kuna siku alipanga vitu ambavyo tayari vimepangika. Usiku meno yalilala kwenye bilauri ya maji ya baridi. Asubuhi aliyasugua juu ya beseni, kwa sabuni ya kawaida, akipitisha uzi kwenye mwanya kwa sababu chakula kilinasa kweli.

Bintiye alikuja siku ya mapumziko, bila gari. Akavuta kiti karibu na meza. Mama Pasi alikuwa na shuka la pamba, kavu kama karatasi. Alimtazama bintiye, akangoja aondoke au aseme neno. Bintiye hakuondoka. Mama Pasi akabeba funda, akapuliza, akapitisha pasi, akapuliza tena.

"Unajuaje imetosha?" bintiye akauliza.

Hilo hakuna aliyewahi kumwuliza. Ilibidi afikiri.

"Kwa sauti. Nguo kavu inalalamika chini ya pasi. Iliyolowa inafoka. Iliyotosha inanyamaza."

Akapuliza mara nyingine, na upepo wa dirishani ukaubeba ukungu kando, ukatua mkononi mwa bintiye. Bintiye aliutazama ukimeta juu ya ngozi yake. Kisha akaufuta, akasogeza kiti hatua moja upande usio na upepo, akakaa tena.

"Na hariri?" akauliza. "Hariri unaifanyaje?"